Maktaba ipo, lakini kompaila yasema haipo: namna ya kutafuta vitegemezi vinavyokosekana kwenye Linux

Swali la msomaji: "Mtaalamu, salamu. Nimepakua msimbo chanzo wa programu ya kuchakata picha ili niikompaili mwenyewe kwenye Ubuntu. Nikiendesha make, kazi inakatika kwa ujumbe usemao fatal error: zlib.h: No such file or directory. Nimehakikisha kwamba zlib imo kwenye kompyuta yangu, na apt (kisimamizi cha vifurushi) yenyewe inasema zlib1g tayari imesakinishwa. Kabla ya hapo nilihangaika na vitegemezi vingine vinne, na kila nilipomaliza kimoja kilichomoza kingine. Nitajuaje ni kifurushi gani hasa kinachokosekana, na je, kuna namna ya kuvipata vyote kwa mkupuo mmoja?"

Ndugu msomaji, salamu zako nimezipokea, nami nakushukuru kwa kunakili ujumbe wa kosa neno kwa neno, kwa kuwa wengi huandika tu kwamba "imekataa", na hapo hakuna wa kuwasaidia.

Apt imekuambia kweli, na kompaila nayo imekuambia kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Katika distro (yaani matoleo ya Linux yaliyofungashwa tayari) za familia ya Debian, Ubuntu ikiwemo, maktaba moja hugawanywa katika vifurushi viwili. Kifurushi cha kwanza, ambacho kwako ni zlib1g, kimebeba faili la maktaba linalohitajika na programu zilizokwisha kukompailiwa wakati zinapoendeshwa, yaani libz.so.1. Kifurushi cha pili, zlib1g-dev, kimebeba vitu anavyovihitaji mtu anayekompaili tu: mafaili ya heda zlib.h na zconf.h (yanayoieleza kompaila maktaba ina nini), maktaba tuli libz.a (inayoingizwa ndani ya programu yenyewe), faili la maelezo zlib.pc, na kiungo kidogo kinachoitwa libz.so bila namba mwishoni. Watumiaji wengi wa kompyuta hawakompaili chochote maisha yao yote, kwa hiyo distro haiwapi kifurushi hicho cha pili mpaka wakiombe. Kwa kosa lako hili, dawa ni mstari mmoja:

sudo apt install zlib1g-dev

Ningeweza kuishia hapo, lakini kesho utakutana na kosa la sita na utarudi palepale. Kwa hiyo naomba unifuate taratibu, kwa sababu swali lako la msingi, yaani utajuaje ni kifurushi gani, lina jibu lisilohitaji kupiga ramli.

Kosa la aina hii karibu kila mara linakutajia jina la faili, wala halikutajii jina la kifurushi. Watu wanapoona zlib.h hukimbilia kuandika apt install zlib, wakikosa hujaribu libz, wakikosa tena hujaribu libzlib, na muda unakwenda. Majina ya vifurushi huchaguliwa na watunzaji wa kila distro kwa desturi zao wenyewe, na hayatabiriki. Heda bzlib.h inapatikana katika libbz2-dev ukiwa Debian, na katika bzip2-devel ukiwa Fedora. Heda sqlite3.h iko katika libsqlite3-dev kwa upande mmoja na sqlite-devel kwa upande wa pili. Hata zlib yenyewe, kuanzia Fedora 40, hutolewa na kifurushi kinachoitwa zlib-ng-compat-devel. Jina la faili, kwa upande mwingine, limeandikwa ndani ya msimbo wa programu unayoikompaili na ni lilelile kila mahali. Basi swali la kuiuliza kompyuta ni hili: faili hili ni mali ya kifurushi gani?

Kwenye Debian na Ubuntu swali hilo hujibiwa na chombo kinachoitwa apt-file, ambacho hakiji na mfumo bali husakinishwa mara moja na kupakua orodha yake:

sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search -x '/zlib\.h$'

Alama ya dola mwishoni inasema jina liishie hapo, na mkwaju wa mwanzo unasema neno zlib.h lianze mara baada ya saraka, la sivyo utaletewa mamia ya mafaili ambayo majina yao yanafanana nalo kwa mbali. Jibu huwa na mistari kadhaa, kila mmoja ukiwa na jina la kifurushi, nukta mbili, kisha njia kamili ya faili. Hapo usiridhike na mstari wa kwanza. Soma njia. Unachokitafuta ni kile kinachoweka faili mahali ambapo kompaila hutazama bila kuelekezwa, yaani /usr/include/zlib.h. Kingine kinachoweka zlib.h ndani ya saraka yake maalumu, kwa mfano libklibc-dev, hakikuhusu. Ikiwa ujumbe wa kosa umetaja saraka pamoja na jina, kama X11/Xlib.h au readline/readline.h, tafuta vyote viwili pamoja, maana sehemu hiyo ya saraka ndiyo inayochuja majibu vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Fedora na jamaa zake hutumia dnf provides '*/zlib.h', na Arch hutumia pacman -F zlib.h baada ya kuendesha pacman -Fy mara moja. Arch kwa kawaida haigawanyi maktaba mara mbili, kwa hiyo mwenye Arch hakutani sana na kosa lako. Tahadhari moja hapa: amri ya dpkg -S, ambayo huonekana kama inafanya kazi hiyohiyo, hutafuta ndani ya vifurushi vilivyokwisha kusakinishwa peke yake, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha kile usichonacho.

Jambo la pili ninalotaka ulizoee ni kutambua kosa limetokea katika hatua ipi, maana kukompaili kuna hatua nne na kila moja hulalamika kwa lugha yake. Kwanza kuna ukaguzi, ambapo chombo cha kuandaa ukompaili, yaani hati ya configure (hutengenezwa kwa Autoconf), CMake au Meson, hukagua kilichopo. Pili kompaila husoma msimbo na heda. Tatu kiunganishi, yaani ld, huunganisha vipande na maktaba. Nne programu iliyokamilika huendeshwa. Wewe umekwama katika hatua ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo nyepesi kuliko zote kwa kuwa jina la faili linatajwa waziwazi.

Hatua ya kwanza ndiyo yenye mafumbo. Mara nyingi utakuta maneno kama haya:

configure: error: Package requirements (libcurl >= 7.60) were not met:
No package 'libcurl' found

Neno Package hapa limewapoteza watu wengi sana. Halizungumzii kifurushi cha apt hata kidogo. Linazungumzia jina linalotambuliwa na pkg-config, na kila jina la namna hiyo ni faili moja lenye kiambishi .pc, kwa hiyo "libcurl" maana yake ni libcurl.pc. Tumerudi kwenye kanuni yetu ya faili: apt-file search -x '/libcurl\.pc$'. Ukifanya hivyo Debian utaona vifurushi zaidi ya kimoja, kikiwemo libcurl4-openssl-dev na libcurl4-gnutls-dev, kwa sababu maktaba hiyo imekompailiwa kwa namna tofauti za usimbaji fiche, na hapo itabidi usome maelekezo ya programu yako ili ujue inapendelea ipi. Wenye Fedora na openSUSE wamerahisishiwa zaidi, kwani wanaweza kuomba kwa jina la pkg-config moja kwa moja:

sudo dnf install 'pkgconfig(libcurl)'
sudo zypper install 'pkgconfig(libcurl)'

Ukitaka kujua pkg-config inaona nini kwa sasa, muulize: pkg-config --modversion libcurl itakupa namba ya toleo, au itakuambia kwamba haioni kitu. Wakati mwingine faili la .pc lipo kabisa, lakini liko mahali pasipotazamwa, kwa mfano saraka yako ya nyumbani, au /usr/local/lib/pkgconfig ukiwa Fedora. Katika hali hiyo husakinishi chochote. Unaongeza njia hiyo kwenye kigeu cha mazingira PKG_CONFIG_PATH kisha unaendesha ukaguzi upya.

CMake ina lahaja mbili. Ikisema Could NOT find ZLIB (missing: ZLIB_LIBRARY ZLIB_INCLUDE_DIR), inakosa faili la maktaba na saraka ya heda, na unatafuta zlib.h kama kawaida. Ikisema imekosa faili la usanidi lililotolewa na Qt6, itakutajia jina lenyewe, Qt6Config.cmake, na jina hilo unaliingiza kwenye apt-file au dnf provides vilevile. Debian itakuonyesha qt6-base-dev na Fedora itakuonyesha qt6-qtbase-devel.

Sasa nizungumzie kitu ambacho kingeniokolea siku nyingi laiti ningeambiwa mapema. Maneno yanayoonekana kwenye terminali ni muhtasari tu. Configure inaposema "checking for foo_init in -lfoo... no", haijasema kwamba maktaba foo haipo. Imesema kwamba iliandika kijiprogramu kidogo kiitwacho conftest.c, ikajaribu kukikompaili pamoja na maktaba hiyo, na jaribio likashindwa kwa sababu fulani. Sababu yenyewe imeandikwa katika faili config.log lililo kwenye saraka hiyohiyo. Lifungue, tafuta neno la ukaguzi ulioshindwa, na usome mistari inayofuata. Utaiona amri kamili ya gcc iliyotumika, kosa halisi lililotokea, kisha msimbo mzima wa conftest.c uliojaribiwa. Niliwahi kuhangaika mchana kutwa na maktaba moja ambayo nilikuwa nimeisakinisha mara tatu, na configure ikashikilia kwamba haipo. Nilipofungua config.log nikakuta maktaba imepatikana vizuri sana, ila kiunganishi kimeshindwa kwa sababu maktaba hiyo nayo ilitegemea maktaba nyingine ambayo ndiyo haikuwepo. Mstari wa undefined reference ulikuwa umekaa pale tangu asubuhi ukitaja jina la kitu kinachokosekana.

Vivyo hivyo, ukiambiwa "C compiler cannot create executables", usiisakinishe gcc upya. Tazama config.log, ukiona kiunganishi kinalalamika kwamba hakioni crt1.o, umekosa libc6-dev, na kifurushi build-essential kitakuletea hicho pamoja na gcc na make. Kwa Meson faili la kusoma ni meson-logs/meson-log.txt ndani ya saraka ya kukompailia. CMake huandika ndani ya saraka ya CMakeFiles: tangu toleo la 3.26 faili ni CMakeConfigureLog.yaml, na matoleo ya zamani yalitumia CMakeError.log.

Kuna kosa moja la hatua hii ambalo halifanani kabisa na kitegemezi kilichokosekana. Ukichukua msimbo kutoka Git, ukatengeneza configure mwenyewe kwa autoreconf, kisha configure hiyo ikaanguka kwa "syntax error near unexpected token" kwenye mstari wenye PKG_CHECK_MODULES, usianze kurekebisha mabano ya faili hilo. Maana yake ni kwamba wakati configure inatengenezwa, pkg-config haikuwepo, kwa hiyo neno hilo halikufasiriwa na likabaki jinsi lilivyo. Sakinisha pkg-config, endesha autoreconf -fi, na kosa litaondoka. Msimbo uliotoka Git una kitegemezi kingine cha aina yake: baadhi ya miradi huweka maktaba ndani ya hazina ndogo zisizoshuka pamoja na mradi, na CMake hulalamika kwamba saraka fulani ya third_party haina CMakeLists.txt. Hakuna kifurushi cha kutafuta hapo. Amri ni git submodule update --init --recursive.

Wakati mwingine kinachokosekana ni programu ya kusaidia kazi. Make ikikatika kwa Error 127, gamba (shell, programu inayopokea amri) limeambiwa liendeshe amri ambayo halikuiona. Panda mistari michache juu na utakuta jina lake, labda bison, flex, au makeinfo. Hii ya mwisho hukaa katika kifurushi texinfo, jambo ambalo hakuna awezaye kulikisia.

Hatua ya tatu, ya kiunganishi, hutoa makosa ya namna mbili ambayo lazima uyatofautishe. La kwanza ni hili:

/usr/bin/ld: cannot find -lz

Herufi -l ikifuatwa na jina ni kifupi. Kiunganishi huweka "lib" mbele na kutafuta libz.so, kikikosa hutafuta libz.a. Angalia vizuri: hakitafuti libz.so.1. Hebu tazama saraka ya maktaba kwenye mashine yenye vifurushi vyote viwili, kwa ls -l /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libz.so*, na utaona majina matatu. Moja ni faili lenyewe, tuseme libz.so.1.3.1. La pili, libz.so.1, ni kiungo kinachoelekeza kwenye faili hilo, na programu zinazoendeshwa hutumia hilo. La tatu, libz.so, ni kiungo kingine kinachoelekeza palepale, lakini limeletwa na kifurushi cha -dev na linatumiwa na kiunganishi peke yake. Ndiyo sababu mtu anaweza kuiona maktaba kwa macho yake, akaigusa, na bado ld ikasema haipo.

Hapa pana kishawishi ambacho naomba ukiepuke kwa nguvu zako zote: kutengeneza kiungo hicho kwa mkono kwa ln -s. Kwa libz.so unaweza kuponyoka, ingawa heda bado hutakuwa nazo. Hatari kubwa ni pale mtu anapoambiwa kwamba libfoo.so.6 haipo, akaona ana libfoo.so.5, akaunganisha ya tano kwa jina la ya sita. Namba hiyo hubadilishwa na waandishi wa maktaba kwa makusudi, pale mpangilio wa data au namna ya kuita kazi zake unapobadilika kiasi cha kutoelewana na programu za zamani. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi iliyopita. Programu iliwaka, ikafanya kazi siku mbili, kisha nikagundua kwamba mafaili iliyoyahifadhi yalikuwa yameharibika bila ujumbe wowote wa kosa. Ni afadhali kosa linalopiga kelele.

Ukiona badala yake "skipping incompatible", maktaba ipo ila ni ya aina nyingine ya prosesa, kwa kawaida ya biti 32 wakati wewe unakompaili kwa biti 64.

Kosa la namna ya pili ni undefined reference to 'deflate'. Hapa heda ilipatikana na kompaila imeridhika, ila kiunganishi hakikuambiwa kitafute wapi kazi hiyo (function) ya deflate, au kimeambiwa kwa mpangilio mbaya. Huenda usikose kifurushi chochote. Ili kujua kazi hiyo ni ya maktaba ipi, unaweza kukagua maktaba unayoishuku:

nm -D --defined-only /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libz.so | grep deflate

Ikionekana, hakikisha -lz imo kwenye mstari wa kuunganisha na imewekwa baada ya mafaili ya .o yanayoihitaji. Maneno "DSO missing from command line" yana maana hiyohiyo, na jina la maktaba hutajwa kwenye mstari huohuo. Kwa kazi za hisabati kama pow ni libm, kwa hiyo unaongeza -lm kwenye kigeu LIBS wakati wa kuendesha configure.

Hatua ya nne nitaipita haraka. Programu imekamilika, unaiita, nayo inasema "error while loading shared libraries" na kutaja jina la .so lenye namba. Endesha ldd juu ya programu hiyo na utafute mistari iliyoandikwa not found. Kama maktaba hiyo uliikompaili mwenyewe na iko /usr/local/lib, kwenye Debian sudo ldconfig inatosha, na kwenye Fedora huna budi kwanza kuiandika saraka hiyo katika faili jipya ndani ya /etc/ld.so.conf.d. Usitumie ldd juu ya programu usiyoiamini, kwa kuwa katika hali fulani inaweza kuiendesha. Tumia readelf -d na usome mistari ya NEEDED.

Mpaka hapa tumezungumzia vitegemezi vinavyopiga kelele. Vinavyonitia wasiwasi zaidi ni vile vinavyonyamaza. Programu nyingi zina sehemu za hiari: maktaba ikiwepo sehemu hiyo inaingizwa, isipokuwepo inaachwa na kazi inaendelea hadi mwisho kana kwamba mambo yote yako sawa. Mfano ulio wazi kabisa ni Python. Ikompaili bila libffi-dev, na make itamaliza vizuri, make install itamaliza vizuri, kisha siku utakapoita kitu kinachotumia ctypes utaambiwa No module named '_ctypes'. Ukikosa libssl-dev, au OpenSSL yako ikiwa ya kabla ya 1.1.1 kwa Python 3.10 na kuendelea, utabaki na Python isiyo na moduli ya ssl, na pip yake haitaweza kupakua chochote. Na yote hayo yaliandikwa karibu na mwisho wa make, chini ya maneno "The necessary bits to build these optional modules were not found", ila yalipita wakati umekwenda kunyoosha miguu. Kwa programu yako ya picha jambo hili linakuhusu moja kwa moja, kwa sababu ni kawaida ya programu za namna hiyo kuacha aina nzima za picha, JPEG au PNG, endapo libjpeg-dev au libpng-dev hazipo. Kwa hiyo hifadhi matokeo ya ukaguzi kwenye faili kisha uyapitie:

./configure 2>&1 | tee ukaguzi.txt
grep -n '\.\.\. no$' ukaguzi.txt

Si kila "no" ni tatizo. Nyingi huuliza mambo ya mifumo mingine ambayo Linux haina haja nayo. Tafuta zile zenye jina la maktaba unayoitaka. Na kama kuna sehemu usiyoweza kuikosa, ilazimishe: endesha ./configure --help, na mara nyingi utakuta chaguo kama --with-png. Ukilitaja wazi, configure zilizoandikwa kwa uangalifu husimama na kutoa kosa zinapokosa maktaba hiyo, badala ya kuiacha kimyakimya.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, la kuvipata vyote kwa mkupuo. Configure huvitaja kimoja kimoja kwa sababu ni hati inayokwenda mstari kwa mstari na husimama pale pale inapokosa kitu cha lazima. Haijui bado kilichoko mbele. Lakini kama programu unayoikompaili imo pia kwenye hazina ya distro yako, hata ikiwa ni toleo la zamani kuliko lako, watunzaji wamekwisha kuandika orodha kamili ya vitegemezi vyake, nawe unaweza kuiomba yote:

sudo apt build-dep jina-la-programu
sudo dnf builddep jina-la-programu

Apt italalamika ikiwa hazina za msimbo chanzo hazijawashwa. Kwenye Ubuntu 24.04 unafungua /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources na kwenye mstari wa Types unaongeza deb-src baada ya deb. Katika matoleo ya zamani unaondoa alama ya reli (#) mbele ya mistari ya deb-src ndani ya /etc/apt/sources.list. Kisha sudo apt update. Ukweli ni kwamba ningeanza hapa kila mara. Kitakachobaki ni vile vichache vilivyoongezwa katika toleo jipya.

Programu isipokuwemo kwenye hazina, uliza msimbo wenyewe. Kwa mradi wa Autoconf:

grep -nE 'PKG_CHECK_MODULES|AC_CHECK_LIB|AC_SEARCH_LIBS|AC_CHECK_HEADER' configure.ac

Kwa CMake unatafuta find_package ndani ya mafaili yote ya CMakeLists.txt, na kwa Meson unatafuta dependency( ndani ya meson.build. Pia kuna sehemu moja ambayo watu huisahau na mimi naithamini kuliko README: ikiwa mradi una Dockerfile, au saraka ya .github/workflows, au faili .gitlab-ci.yml, humo mna amri halisi ya apt install au dnf install inayotumiwa na waandishi kila wanapoijaribu programu yao. README huzeeka pasipo mtu kugundua. Orodha hiyo ikipungukiwa na kitu, majaribio yao wenyewe huanguka, kwa hiyo huisahihisha.

Huenda ukafika mahali ambapo kitegemezi kipo ila ni cha zamani mno kwa programu yako. Kabla hujakubali, hakikisha toleo linaloonekana ndilo unalodhani, maana gcc hutazama /usr/local/include kabla ya /usr/include, na heda iliyoachwa huko na jaribio la zamani huifunika ile mpya iliyoletwa na apt. Kama kweli distro haina toleo jipya, kompaili maktaba hiyo katika saraka yako mwenyewe kwa --prefix=$HOME/opt, kisha uielekeze programu yako huko kwa PKG_CONFIG_PATH=$HOME/opt/lib/pkgconfig na LDFLAGS="-Wl,-rpath,$HOME/opt/lib", ili iipate hata wakati wa kuendeshwa. Usiiandike juu ya ile ya mfumo, kwa sababu programu nyingine zote zinaitegemea hiyo.

Kwa upande wako, basi, ukishasakinisha zlib1g-dev, usiendeshe make peke yake. Ukaguzi wa awali ulifanyika wakati heda haipo, na uamuzi wake umehifadhiwa: kwa Autoconf umo ndani ya Makefile na config.h, kwa CMake umo ndani ya CMakeCache.txt, ambayo hukumbuka hata majibu ya "hapana". Endesha make distclean kisha ./configure upya, au futa saraka nzima ya kukompailia na uanze mpya ikiwa ni CMake au Meson. Ukitumia make -j, inayofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, makosa huchanganyika na lile la kwanza hupotea juu ya skrini. Rudia kwa make -j1 ili msumari ulipochoma uonekane. Na kosa la sita likitokea na ukashindwa, niandikie tena ukiniletea ujumbe wake kamili, sehemu ya config.log inayouhusu, na kile apt-file ilichokujibu kuhusu jina la faili lililotajwa.